Kutoka Mogitu Hata Pwani: Siku Kumi za Mionzi ya Kichwa

Sisi watu wa Mogitu tukitoka mlangoni asubuhi, kitu cha kwanza tukionacho ni Mlima Hanang. Urefu wake wapita mita 3,400, na mtu aliyezaliwa huku huuona kila siku mpaka akasahau kwamba anauona. Basi asubuhi moja ya mwezi Agosti, mwaka 2024, mama yangu mkubwa alisimama uani, akashika nguzo ya zizi, akaniita. "Mwanangu," akasema, "mbona leo milima ni miwili?"

Nilicheka, nikidhani anafanya mzaha. Kicheko kile nakijutia hata leo.

Nataka kuwasimulia safari tuliyokwenda naye baadaye, kutoka chini ya mlima huu mpaka ufukoni mwa bahari, kumpeleka kupigwa mionzi ya kichwa. Naandika kwa sababu habari za mionzi husemwa vijijini kwa kunong'ona, na nyingi si za kweli. Sisi wenyewe tulikuwa karibu kumrudisha mgonjwa nyumbani katikati ya matibabu, kwa kutojua tu.

Miaka miwili kabla ya hapo mama mkubwa alikuwa amekatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, akapona kidonda, akarudi kulima. Kisha ikaanza taabu nyingine. Kichwa kilimuuma kila alfajiri, akatapika bila kula kitu, halafu jua likipanda akapata nafuu. Kikombe kikamponyoka mkononi mara kwa mara. Katika zahanati moja alipewa dawa za malaria mara mbili, wiki tatu zikapotea. Majirani nao walisema yao: wengine kwamba amerogwa, wengine kwamba ni uzee. Hata alipoiona milima miwili ndipo tukamfikisha hospitali kubwa, akapigwa picha ya CT ya kichwa.

Daktari alituonyesha ile picha. Saratani ya titi ilikuwa imesafiri kwa njia ya damu, ikaotesha uvimbe mdogo mdogo mahali kadhaa ndani ya ubongo. Akasema kwa upole, "Hizi ni nyingi, hazifai kukatwa kwa kisu. Zinafaa kupigwa mionzi kichwa chote. Sitawadanganya: mionzi haitamponya kabisa. Itampa nafuu, na nafuu itampa muda."

Maneno hayo sote tuliyasikia pamoja, lakini kila mtu alikwenda nyumbani na yake. Baba mkubwa alishika neno "haitamponya". Binti yake alishika neno "nafuu". Mama mkubwa mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, alishika neno "muda".

Kabla hatujaondoka alianzishiwa dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, iitwayo deksamethasoni. Dawa hiyo ni ya kuheshimiwa sana. Baada ya siku mbili milima ikarudi kuwa mmoja, kichwa kikatulia, naye akaanza kula kama mtu aliyetoka kulima. Watu wakasema amekwisha kupona, ya nini kwenda Dar es Salaam? Lakini dawa hiyo hupunguza maji na uvimbe uliozunguka ugonjwa tu. Ugonjwa wenyewe hukaa pale pale. Nayo ina mambo yake. Humezwa pamoja na chakula, asubuhi na mchana, maana ikimezwa usiku hufukuza usingizi. Huvimbisha uso, huongeza njaa na hasira, huweza kupandisha sukari katika damu na kuleta utando mweupe mdomoni. Zaidi ya yote, haifai kuiacha ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari, la sivyo mgonjwa aweza kuanguka vibaya.

Basi tukauza ng'ombe wawili na mbuzi mmoja. Tukafunga katika mfuko mmoja barua ya rufaa, picha, majibu ya vipimo, kadi ya bima na dawa zake zote, na mfuko huo sikuutoa begani mpaka tulipofika. Tulikwenda watu watatu: mgonjwa, binti yake wa kumwogesha na kumvika, na mimi wa kushika karatasi na kuuliza maswali.

Tuliondoka Mogitu mwezi Septemba, kabla ya mapambazuko. Katesh mama mkubwa aliomba dereva aende polepole, akatazama mahali yalipopita matope ya tarehe 3 Desemba 2023, siku ile mlima ulipomeguka kwa mvua, ukafukia nyumba na watu. Hakusema neno. Kutoka hapo tukashika njia ya Singida, nchi ya mawe makubwa yaliyobebana kama magunia, kisha Manyoni, hata Dodoma jioni. Tulilala huko, tukapanda asubuhi treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Kwa mgonjwa wa kichwa ni heri kubwa: haikumrusha, na kwa saa chache tu tulikuwa pwani.

Tulifikia kwa ndugu yetu Kigamboni. Kwa hiyo kila asubuhi ya kazi tulivuka kwa pantoni mpaka Magogoni, tukachukua bajaji kando ya bahari mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mama mkubwa hakuwa ameona bahari tangu azaliwe. Siku ya kwanza alishika chuma cha pantoni kwa mikono miwili, akatazama maji mpaka ng'ambo. "Hili ziwa halina mlima wa kulizuia," akasema. Lakini harufu ya samaki pale Feri ilimchafua moyo, na kuanzia siku ya pili tulibeba ndimu ya kunusa.

Hospitali hiyo ni ya zamani. Wajerumani waliifungua mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya Wilhelm Röntgen, mtaalamu wa kwao, kugundua mionzi ipitayo mwilini na kuonyesha mifupa. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1996, ikafanywa taasisi ya saratani ya taifa. Nilikaa kwenye benchi nikifikiri jinsi kuta zile zilivyojengwa wakati ambapo kutibu kwa mionzi kulikuwa ndiyo kwanza kunaanza duniani. Hapo hukutana watu wa kila pembe: Mmakonde, Msukuma, Mpemba, na sisi wa Hanang, kila mtu na bahasha yake. Si Ocean Road peke yake itibuyo kwa mionzi. Hata Bugando, Mwanza, hutibu, na daktari wako ndiye atakayekuelekeza.

Msidhani mtu akifika siku ya kwanza hupigwa mionzi papo hapo. Kwanza ni daktari, tena ni damu, tena ni kutengeneza barakoa. Huchukuliwa bamba la plastiki lenye matundu, likalowekwa katika maji ya moto hata likalegea kama chapati, kisha likawekwa usoni na kukandamizwa taratibu likashika umbo la uso. Huwa la vuguvugu, wala haliunguzi. Baada ya dakika chache hukauka. Matundu ni mengi, mgonjwa hupumua vizuri. Kazi yake ni kukishika kichwa kisisogee, ili mionzi ifike pale pale ilipokusudiwa kila siku. Alipotoka, mama mkubwa alikuwa na alama za vijitundu kwenye mashavu. Akasema, "Wamenishika kama ndama wa kuchanjwa." Mjue basi kwamba wengine huogopa sana ndani ya barakoa, hasa asiyependa kufungiwa. Mwenye hofu hiyo aseme mapema, nao watamsaidia.

Baada ya hapo ni kungoja siku kadhaa mpaka wataalamu wapige hesabu zao. Kisha ikaanza kazi yenyewe: siku 10 za mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki mbili. Jumamosi na Jumapili hupumzika, ili sehemu nzima za mwili zipate kujitengeneza. Siku hizo 10 zilikuwa kipimo cha mama mkubwa. Wengine hupewa siku 5 tu, na mwenye uvimbe ulioanzia ubongoni huenda akapangiwa siku 30, yaani wiki 6. Kwa hiyo asije mtu akasema, "Yule wa Mogitu alipata siku 10, mbona wewe 30?"

Kila siku mgonjwa hulala chali kitandani, akafungwa ile barakoa, wataalamu wakatoka nje na kufunga mlango mzito. Hawamwachi: humwona kwa kamera, humsikia, nao husema naye. Mashine huzunguka ikiunguruma. Kwa kawaida mgonjwa hahisi chochote, wala moto, wala uchungu. Yote huisha kwa kama robo saa, na mionzi yenyewe ni dakika chache tu katika hizo.

Sasa yanakuja maswali niliyoulizwa zaidi nyumbani. Je, mgonjwa hurudi na mionzi mwilini? La. Mionzi hii hutoka mashine, ikapita, ikaisha, kama nuru ya taa inavyoisha taa ikizimwa. Twaweza kula naye sahani moja, kulala naye chumba kimoja, na mjukuu akakaa mapajani pake. Je, ubongo huungua kama nyama motoni? La. Mionzi huharibu kiini cha chembe hai zinazozaana ovyo, zikashindwa kuendelea. Chembe nzima nazo huguswa, lakini nyingi hujirekebisha. Ndiyo sababu kipimo hugawanywa siku nyingi, kisipigwe chote mara moja.

Siku tano za kwanza zilipita vizuri, nasi tukajivuna. Jumatatu ya pili mambo yakageuka. Mama mkubwa aliamka na kichwa kinamuuma kama zamani, akatapika mara tatu, akawa mzito wa usingizi. Akasukuma kile kitambaa cha kichwa akasema, "Sivai tena lile sanduku." Wakati huo huo simu ikalia. Ni baba mkubwa, kutoka Mogitu. Mtu amemwambia kwamba mionzi humaliza akili, na mkewe atarudi hamjui. "Mrudishe mke wangu," akasema. "Kama ni kufa, afie penye mlima wake."

Nisomeapo leo neno hilo katika daftari langu, nalisikia tena. Yeye ni mkubwa wangu, na ng'ombe walikuwa wake. Mimi nilisimama pale Kigamboni na simu mkononi, nikamwambia, "Baba, shikamoo yangu ipo pale pale. Nipe mpaka jioni. Nikamwulize daktari kwanza, na nimwulize mama mwenyewe." Akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mpaka jioni."

Tukavuka. Daktari alimpima, akasikiliza, wala hakushtuka. Akatueleza kwamba mionzi yaweza kuufanya ubongo uvimbe zaidi kidogo kabla ya kusinyaa, na hapo maumivu na kutapika hurudi. Ikatupasa kumpigia simu asubuhi ile ile badala ya kuogopa peke yetu. Akaongeza kipimo cha deksamethasoni na dawa ya kuzuia kutapika. Kuhusu akili hakuficha neno. Alisema kwamba mionzi ya kichwa chote huweza kupunguza kumbukumbu: majina, tarehe, kitu kilipowekwa. Huja taratibu, kwa wengine kidogo, kwa wengine zaidi. "Lakini uvimbe ukiachwa," akasema, "utachukua hayo na mengine, tena upesi."

Kisha akageuka kwa mgonjwa, maana sisi sote tulikuwa tumesema juu yake bila kumwuliza. "Mama, wewe wasemaje?"

Mama mkubwa alikaa kimya, kisha akajibu, "Daktari, nikipandikiza kabichi, siku tatu za kwanza hulala chini. Mtu asiyejua atazing'oa. Mimi sing'oi." Akainuka kwenda kuvaa barakoa yake. Jioni nilimpigia baba mkubwa, nikampa yeye mwenyewe simu. Sikusikiliza walichosema. Tuliendelea.

Siku ya kumi ilipokwisha, mama mkubwa aliiomba ile barakoa, akaipata, akaibeba mpaka nyumbani. Wajukuu wake waliitundika ukutani.

Nawaomba mshike neno hili: matibabu yakiisha, taabu zake hazijaisha. Nyingine ndipo huanza. Sisi tulidhani tukipanda treni ya kurudi yote yamebaki pwani. Wiki ya tatu nywele zikaanza kutoka kwa mafungu, zikabaki mtoni. Nywele hurudi baada ya miezi kadhaa, pengine nyepesi au za namna nyingine. Ngozi ya kichwa iliwasha na kuwa nyeusi. Tulimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kusugua, bila mafuta wala dawa ya mizizi ila ile aliyoruhusu daktari, naye akajifunika khanga laini ya pamba juani. Masikio yaliziba kama mtu aliyepanda mlima. Uchovu ndio ulikuwa mkubwa kuliko yote. Alilala mchana kutwa kwa wiki kadhaa, hata wengine wakasema anakwenda. Haikuwa hivyo. Usingizi huo hujulikana, nao huisha. Yafaa mgonjwa aachwe apumzike, kisha atembee kidogo kila siku, ale kidogo kidogo mara nyingi, uji wenye maziwa, maharage, mayai.

Lakini yako mambo yasiyofaa kungojewa hata siku moja: degedege la kifafa, usingizi usioamshika, kichwa kikali pamoja na kutapika kusikokoma, homa, udhaifu mpya wa mkono au mguu, au choo cheusi kama lami kwa yule anayetumia deksamethasoni. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Akishikwa na kifafa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, wala msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Basi, muda ule uliosemwa na daktari ulikuja? Ulikuja. Kuanzia mwezi Novemba mama mkubwa aliamka. Kichwa kilitulia, mkono ukashika kikombe. Majina yalimpotea kidogo. Mimi aliniita kwa jina la marehemu kaka yangu, kisha akacheka mwenyewe. Tulimwekea kalenda ukutani na dawa katika visanduku vya asubuhi na mchana, wala hatukumsahihisha mbele za watu.

Na muda huo hakuulala. Aliwaita wanawe wakapita naye mpaka wa shamba, jiwe kwa jiwe, wasije wakagombana. Alilipa deni la debe mbili za mbegu ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua. Alipatana na wifi yake ambaye hawakusemezana miaka sita. Padre alimpa Mpako wa Wagonjwa, naye akasimamia ubatizo wa mjukuu, amejifunga kitambaa cheupe kwa sababu nywele zilikuwa bado fupi kama za mtoto. Jioni alikaa uani na baba mkubwa wakitazama mlima, nao ulikuwa mmoja.

Alifariki mwezi Juni mwaka 2025, mahindi yakikauka shambani, akiwa kitandani pake, na watu wake wote amewatambua. Miezi tisa tangu tuvuke pantoni. Baada ya maziko baba mkubwa alinishika mkono akasema, "Siku ile ya simu, ulifanya vema kuniomba mpaka jioni."

Wasomaji wapenzi, sikuandika haya ili kila mwenye maumivu ya kichwa aende pwani, wala kuahidi kwamba kila mtu atapata miezi tisa. Wengine hupata zaidi, wengine pungufu, na wako ambao daktari atawashauri wakae nyumbani watulizwe maumivu tu, nalo ni shauri jema. Naandika kwa ajili ya yule atakayebeba mfuko wa karatasi. Ndugu yangu, uliza mapema: ni siku ngapi, ni kwa kupona au kwa nafuu, yatakuja mambo gani, nimpigie nani yakija usiku. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu gharama kabla hujauza ng'ombe wa mwisho. Kisha uwaeleze wa nyumbani yale yale uliyoelezwa, yote, wala usichague neno moja. Na usisahau kumwuliza mgonjwa mwenyewe.